Vidole Vinne kwa Kila Nyumba

Mtoto wa Mpima alipungua kidole kimoja. Mambo yalianza hapo, ingawa siku hiyo hakuna aliyeshtuka.

Ilikuwa tarehe mosi, asubuhi, kabla ya shule. Mpima alikuwa na mazoea yake: kila mwanzo wa mwezi anamsimamisha binti yake kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, visigino vimegusa mbao, kitabu juu ya kichwa, kisha anachora mstari kwa penseli na kuandika tarehe pembeni. Mistari ilikuwa imepanda vizuri tangu mtoto alipojua kusimama. Siku hiyo mstari mpya ukaangukia chini ya ule wa mwezi uliopita.

"Simama wima, Nukta."

"Nimesimama, baba."

"Usikunje magoti."

"Sijakunja. Nitachelewa shule."

Nukta lilikuwa jina la utani. Alipewa na baba yake kwa sababu alizaliwa mdogo sana, na sasa alikuwa na miaka saba, ana meno mawili yaliyong'oka na maswali yasiyokwisha. Mpima akaleta tepu yake ya chuma, ile ya kazi. Akapima tena. Kidole kimoja kamili, upana wa kidole cha mtu mzima, kilikuwa kimepungua. Basi akafanya kile ambacho wapimaji wote hufanya wakikuta vipimo viwili havikubaliani: akachukua katikati yake. Akafuta mistari yote miwili, akachora mmoja baina yake, akamwambia mkewe mwezi uliopita mkono ulimteleza.

Hayo nimeyapata kwa mkewe mwenyewe, Mshonaji, akilia juu ya kiti changu cha wateja. Mimi ni fundi viatu. Nyumba yangu ni ya saba, yao ilikuwa ya sita, na kati yetu kuna ule mlango wa jiwe. Sasa tulieni niwaeleze uwanja wetu, maana bila uwanja hamtaelewa kitu, na msinikatize.

Uwanja mkuu wa mji wetu ni mraba, kila upande sawa na mwenzake. Magharibi kuna mahakama ya zamani, yenye ngazi pana na nguzo nane ambazo njiwa wamezichafua tangu enzi na enzi. Kaskazini ni ofisi za baraza la mji na mnara wa saa. Kusini ni safu ya matao, chini yake kivuli kizuri na wacheza bao wabishi. Mashariki ni sisi: nyumba kumi na mbili za ghorofa moja, zimeshikana kuta chini ya paa moja refu, zote za kipimo kimoja. Ukisimama katikati ukajizungusha huoni kona ya mtu kujificha, na hivyo ndivyo alivyotaka gavana aliyeujenga. Alivunja mitaa minne ya watu ili apate mahali ambapo, akitoka kwenye roshani yake, anamwona kila mtu kwa mara moja. Watu wa mitaa ile walikwenda wapi, hakuna kitabu kinachosema.

Jirani yetu wa nyumba ya pili, Mtembeza Wageni, huyasimulia hayo kila siku kwa kofia yake ya ukili, huku akitia chumvi kwa mikono miwili. Lakini kuna sehemu moja haongezi chumvi. Msanifu wa gavana alipenda ulinganifu kupita kiasi. Magharibi kuna milango kumi na mitatu, kwa hiyo mashariki nako sharti iwe kumi na mitatu. Waashi wakaanza. Ukuta wa nyumba ya katikati wakaupandisha mchana, asubuhi wakaukuta chini. Haukuwa umebomoka. Mawe yalikuwa yameshushwa, yamepangwa kwa safu, kila jiwe na lenzake. Wakaupandisha tena, ukashushwa tena. Mara ya tatu mwashi mmoja alipanda jukwaani asionekane tena, si juu si chini.

Mkuu wa waashi akamwendea gavana, akasema pale pana mwenyewe. Gavana alikuwa mkali, lakini mjinga hakuwa. Akaagiza paachwe. Wakaacha nafasi ya hatua moja, nyembamba, kutoka mbele ya safu hadi nyuma, haina dirisha wala sakafu, ikafunikwa na paa pamoja na nyumba zetu. Mbele yake, ili hesabu ya msanifu itimie, wakachonga mlango wa jiwe. Mbao zake ni jiwe, bawaba zake jiwe, hata pete ya kugongea ni jiwe.

"Huu," Mtembeza Wageni huwaambia wageni, "ndio mlango pekee mjini ambao mke hawezi kukufungia nje!" Wageni hucheka, wanapiga picha.

Sisi tuliokaa pale tulijua mambo mawili tu. Kwanza, ukiugonga mlango ule kwa kifundo cha kidole, unasikia uwazi nyuma yake. Pili, mafundi chokaa wakija kupaka safu nzima, wanauruka. Hakuna aliyewaamuru. Kila fundi alimwona aliyemtangulia akiuruka, naye akauruka.

Ndipo baraza la mji likaja na sheria mpya. Nyumba yoyote ya uwanjani ikitaka leseni ya duka, upana wake usipungue mita nne. Nyumba zetu, zote kumi na mbili, zilipungukiwa vidole vitatu. Vidole vitatu! Nilikuwa nimeshona viatu kwenye chumba changu cha mbele kwa miaka thelathini, leo naambiwa nifunge kwa sababu ya upana wa kijiko. Mshonaji alikuwa na cherehani mbili na wateja wa kutosha, naye akaambiwa afunge. Tulilia kilio kimoja.

Na nani aliyepewa kazi ya kutupima upya, kwa ajili ya hati? Jirani yetu wa nyumba ya sita. Mpima alikuwa mtu mwaminifu, wa kujikuna kichwa mara tatu kabla ya kuandika tarakimu moja. Akapima safu yetu kwa nje, kona hadi kona. Akaingia ndani, akapima nyumba moja moja pamoja na unene wa kuta. Akajumlisha. Ndani kukapungua vidole arobaini na vinane, kuliko nje.

Alijua ni ile nafasi. Alinieleza yeye mwenyewe, tumekaa kizingitini kwangu. Katika kazi yao, kosa dogo hugawanywa: ukizidiwa na upana wa ukucha, unaupa kila upande sehemu yake, na ramani inafunga. Kosa kubwa hurudiwa. Unarudi ukapime mpaka ulione lilipo.

"Na hili ni kubwa," akasema. "Hili si kosa hata kidogo. Hapa pana mahali."

"Mahali pa nani?" nikamuuliza.

"Hapana jina kwenye daftari lolote."

"Basi ni pa nani? Arobaini na nane gawanya kwa kumi na mbili, jirani. Hata mimi niliyekimbia shule naijua hiyo."

Ndiyo, ni mimi niliyesema. Wengine walisema pia, tulimwendea mmoja mmoja na sahani za chakula na maneno matamu, lakini wa kwanza nilikuwa mimi. Vidole vinne kwa kila nyumba. Tunapita kwenye sheria na kinabaki kimoja cha ziada. Mkewe naye alimtazama kwa macho yale ambayo mume yeyote anayajua. Mpima akakaa na ramani siku nne, halafu akapiga moyo konde, akagawanya. Kwenye ramani mpya nyumba ya sita na ya saba zikagusana, na mlango wa jiwe ukawa pambo la ukutani tu. Baraza likapiga mhuri, hati zikatoka, leseni zikatoka. Siku hiyo tulimbeba Mpima mabegani kuuzunguka uwanja, na Nukta akikimbia nyuma yetu akipiga sufuria.

Kesho yake nikaona ajabu. Nina kabati la marehemu mke wangu, zito, la mbao nyeusi. Kwa miaka kumi na moja lilikaa ushorobani kwa sababu nafasi yake chumbani, kati ya ukuta na mlango, ilikuwa ndogo kwa vidole vitatu. Asubuhi ile nikalisukuma kwa bega, sijui kwa nini, na likaingia. Likakaa. Kidole changu kikapita pembeni yake. Nilicheka peke yangu. Ramani ilikuwa karatasi, hakuna aliyegusa tofali, na nyumba yangu ilikuwa imepanuka kweli.

Nikatoka nje, nikaugonga mlango wa jiwe. Haukulia uwazi. Ulikuwa kama kugonga mlima. Nikarudi ndani kufungua duka.

Mwezi ule ndio Nukta alipungua kidole cha kwanza.

Mambo mengine yalikuja taratibu, na yalikuja mchana. Ninyi mnaojua majini wa usiku tu, hongereni, mnalala na taa. Uwanja wetu ukifika saa sita hauna mtu, jua linawachapa hata njiwa, kila mmoja yuko ndani anakula. Saa ya mnara ikimaliza kugonga, inaingia harufu ya chokaa mbichi, ile inayokaba koo, ya ukuta uliopakwa sasa hivi. Mara ya kwanza nilitoka kutazama mafundi. Hapakuwa na fundi. Kisha nyuma ya kabati la mke wangu nikasikia pumzi. Inavutwa, inakaa, inatoka. Niliita paka. Sina paka.

Nyumba ya tatu walisikia nyayo ndani ya ukuta, hatua mbili na kugeuka, hatua mbili na kugeuka. Nyumba ya kumi, kwa Mwalimu Mstaafu, kulikuwa na kucha zinazokwaruza nyuma ya rafu ya vitabu, mikwaruzo minne, kimya, minne tena. Haya yote tuliyajua baadaye. Wakati ule kila mtu alijifanya hamnazo, maana maduka yalikuwa yamejaa, na nani atasema duka lake linapumua?

Mwezi wa pili Nukta akapungua kidole cha pili. Wakampeleka hospitali. Daktari akampima, akapapasa magoti na uti wa mgongo, akasema mtoto ni mzima wa afya.

"Nani alimpima mwanzo?"

"Mimi," Mpima akasema.

"Basi ulikosea."

Na yeye, mtu wa tepu na tarakimu, akashukuru. Alitoka hospitali amefurahi kwamba amekosea! Mwezi wa tatu kikaenda kidole cha tatu, na Mshonaji akapandisha pindo la sare ya shule kwa mara ya tatu, sindano ikimchoma kwa sababu haoni kwa machozi. Watoto wote huwalazimu mama zao washushe pindo. Yeye alikuwa anapandisha. Mtoto mwenyewe hakuumwa. Alikula, alicheza, alicheka, ila alianza kuuliza kwa nini sinki limekwenda juu.

Ikafika siku ile. Saa sita imegonga, Mshonaji yuko jikoni, anasikia binti yake anaongea. Ngazi ya nyumba yao ilipanda kwa kushikana na ukuta wa upande wa mlango wa jiwe, giza kidogo hata mchana, na Nukta alikuwa amekaa kwenye kipandio cha tano, shavu limebanwa ukutani, mkono mmoja umetandazwa juu ya chokaa. Mama akasimama chini. Alitaka kuita, akajizuia, kwa sababu mtoto alikuwa akisema maneno machache na kunyamaza, akisema na kunyamaza, kwa ule utulivu wa mtu anayejibiwa, na harufu ya chokaa mbichi ilikuwa inashuka ngazi kipandio kwa kipandio mpaka ikamfika miguuni, ikampanda, na pale ambapo mkono wa mtoto uligusa ukuta, ukuta ulikuwa umebonyea kidogo kuufuata, kama godoro linavyobonyea.

"Nukta," akanong'ona. "Unaongea na nani?"

"Sijui jina lake."

"Njoo huku. Njoo polepole."

"Mama, anauliza miguu yake iko nyumba gani."

Mshonaji akashika ukingo wa ngazi.

"Nimemwambia iko nyumba ya tatu," mtoto akasema, "kwa sababu anaisikia inatembea. Pumzi yake iko kwa babu fundi viatu. Mikono hajaijua yote. Anasema kwetu yuko macho." Akatoa shavu ukutani. Lilikuwa na chokaa mbichi. "Anasema baba apime tena."

Jioni hiyo ndiyo Mshonaji alilia kwenye kiti changu. Aliniambia yote, na aliposema pumzi, nyuma ya kabati ikavutwa, ikakaa, ikatoka. Akanitazama. Nikamwambia ni upepo.

Hakurudi kwangu tena kutafuta ushauri, na alifanya vizuri. Akamfuata Mganga. Mganga wetu ni mama mnene, ana kibanda cha dawa nyuma ya soko, miwani yake imefungwa kwa uzi, na ana ulimi wa kukuchoma hata kabla hujakaa. Alikuja mchana, na chetezo cha ubani na kiti chake mwenyewe, maana haamini viti vya watu. Akakaa chini ya ngazi. Sisi majirani tulijazana mlangoni, shingo ndefu. Saa ikagonga. Mganga akafukiza, akasoma yake, akaweka sikio ukutani muda mrefu, na jasho likamtoka mpaka miwani ikashuka puani.

"Huyu hakuvamia," akasema mwishowe. "Mnaniita nimtoe mgeni, kumbe wageni ni ninyi. Jini huyu alikaa hapa kabla ya gavana wenu na uwanja wake. Alipewa hatua moja akanyamaza miaka yote hii. Mmemgawana vipande kumi na viwili, halafu mnashangaa?"

Mpima akapiga magoti kabisa. "Sikujua, mama."

"Ulijua. Ulipima mara tatu." Akavua miwani, akaifuta. Sauti yake ikashuka. "Sikiliza, baba. Kila nyumba imechukua vinne, na kwa kila nyumba atadai vinne. Lakini aliyegawa ni wewe. Kwako atadai vyote arobaini na vinane. Mtoto wako ana urefu wa vidole vingapi?"

Mpima alijibu kwa shida. "Alikuwa na sitini na vitatu."

"Basi fanya hesabu. Hiyo ndiyo kazi yako."

Mshonaji akatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena maishani. Dawa, Mganga akasema, ni moja: kila nyumba irudishe vidole vyake kwa njia ileile vilivyotoka, kwenye ramani, kwa mkono wa mwenyewe, na kwa mhuri. Kila nyumba itapungua upana na kurudi ilivyokuwa. Ni hayo tu.

Mpima akachora ramani mpya usiku kucha. Asubuhi akapita nyumba kwa nyumba na kalamu. Alikuwa anamshika Nukta mkono, na Nukta alikuwa mfupi kuliko watoto wa darasa la awali, na viatu vya mwaka juzi mguuni.

Nyumba ya kwanza wakasema wataitisha kikao cha ukoo. Mtembeza Wageni akasema anamwonea uchungu sana mtoto, uchungu kabisa, lakini ameshaagiza kadi za picha za kuuza. Nyumba ya tatu, wale wanaosikia nyayo, wakasema, "Anza na wengine, sisi tuko nyuma yako." Mwalimu Mstaafu alitoa hoja ndefu kwamba majini hawana haki ya kumiliki ardhi kisheria. Alipomaliza, rafu yake ikakwaruzwa mara nne, akapandisha sauti na kuianza hoja upya.

Kwangu alifika mchana. Aliweka karatasi juu ya meza yangu ya kazi, kati ya nyundo na misumari, akaweka na kalamu. Nukta akasema, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

Nilitazama karatasi. Nilifikiri leseni. Nilifikiri binti yangu, aliyeachika na kurudi kwangu na mtoto wake wa miaka mitano, na kwamba duka hili ndilo linalotulisha watu watatu. Nilifikiri, na hili nalisema kwa aibu yangu, nilifikiri kabati.

"Wengine wametia saini?" nikauliza.

"Bado."

"Wakitia, nami nitatia."

Laiti angenitukana. Akachukua karatasi yake, akaikunja mara mbili kwa uangalifu, akamshika mtoto mkono, wakatoka juani.

Siku ya pili yake alikwenda peke yake kwenye ofisi ya ardhi na ramani nyingine. Karani alicheka mpaka akaita wenzake waje waone mtu anayeikata nyumba yake mwenyewe. Vidole arobaini na vinane, vyote, kutoka nyumba ya sita. Mhuri ukapigwa saa tano na nusu.

Saa sita wote watatu walikuwa nje, katikati ya uwanja, na masanduku yao na cherehani mbili. Sisi tulikuwa madirishani. Saa ikagonga mara ya kumi na mbili, na ile harufu ikaja, safari hii nzito kiasi cha kutoa machozi, kisha nyumba ya sita ikaanza kulia, kwanza vioo, kimoja baada ya kingine, kisha mbao za ngazi, kipandio cha kwanza, cha pili, cha tano, zikivunjika kwa mpangilio kama mtu anayevunja vidole vyake mwenyewe, na ukuta wa ndani ukawa unakuja, bila haraka, bila vumbi, ukiisukuma ngazi yote na mwimo wa mlango wa jikoni wenye mistari ya penseli hatua moja nzima mpaka vikasagika, na mlango wa mbele ukabanwa ukawa mwembamba kiasi ambacho mtu angepita kwa ubavu tu, na juu ya yote hayo tulisikia, kila mmoja ndani ya ukuta wake, sauti ya kitu kinachojinyoosha.

Kisha kimya. Mpima akauendea mlango wa jiwe, akaugonga. Ulilia uwazi.

Alimpima binti yake palepale uwanjani, juani, mgongo kwenye nguzo ya taa. Hakusema ni vingapi, lakini Mshonaji alikaa chini na kucheka na kulia kwa pamoja. Vile vilivyokwenda havikurudi, lakini mwezi uliofuata, tulisikia, mtoto alirefuka unywele mmoja. Walihamia mji mwingine kwa mama yake Mshonaji. Nyumba bila ngazi na bila upana hakuna aliyeinunua. Wameacha kila kitu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewabebea sanduku.

Mganga alikuwapo siku hiyo, amekaa kwenye kiti chake chini ya matao. Mtembeza Wageni akamfuata, kofia mkononi, anatabasamu.

"Basi mama, mambo yamekwisha? Amerudishiwa nafasi yake."

"Amepata pa kukaa," Mganga akasema. "Vipande vyake bado viko kwenu. Mimi niliitwa na nyumba moja, na nyumba hiyo nimeitoa. Ninyi kumi na moja hamkuniita. Kibanda changu mnakijua." Akabeba kiti chake, akaenda zake.

Hakuna aliyekwenda. Huo ni mwaka sasa. Uwanja wetu umechangamka, wageni wanaongezeka, na nyumba ya sita imekuwa kivutio. Mtembeza Wageni anaiita nyumba nyembamba kuliko zote, anasema gavana aliijenga kwa ajili ya mkwewe. Saa sita kila mmoja anafungua redio kwa sauti kubwa.

Juzi mjukuu wangu alikuja dukani akiburuta miguu. Viatu vyake vya shule nilimshonea mimi, kwa kalibu ya mti niliyoichonga kwa kipimo cha mguu wake mwenyewe, vikamkaa sawasawa, miezi miwili haijapita. Vilikuwa vinamvuka kisigino. Nikamkalisha, nikamvua, nikaweka mguu wake juu ya kalibu. Kalibu ilikuwa imeuzidi.

"Babu, kwa nini viatu vimekuwa vikubwa?"

Nilikaa na ule mguu mkononi. Nyuma ya kabati ilivutwa, ikakaa, ikatoka. Nikafanya hesabu, na ninyi msinitazame hivyo, mngeifanya. Kwake ni vinne tu. Mganga mwenyewe alisema, kwa kila nyumba vinne. Mtoto anaishi akiwa mfupi kwa vidole vinne. Wako watu wengi wafupi, wanaoa, wanaolewa, wanazeeka. Na kibanda cha Mganga kiko mbali, na leseni inaisha mwezi ujao, sharti waje wapime upya.

Nikachukua gazeti la jana, nikakata kipande, nikakikunja na kukishindilia kwenye ncha ya kiatu. Nikamvalisha. Nikafunga kamba kwa nguvu.

"Vimetanuka, mjukuu wangu," nikamwambia. "Ngozi ndivyo ilivyo. Haya, kimbia, utachelewa."